Watu transijenda, mahusiano na kujithamini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nimezunguka na dodoso mkononi hapa Mwanza, kuanzia Igoma na Mkolani hadi Ukerewe, kwa tafiti za ndoa, kipato na afya. Sasa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu namna kujithamini kunavyopimwa kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ya machapisho niliyolazimika kuyasoma inahusu watu transijenda. Kila nikilitaja hilo napigwa maswali yale yale: kwenye semina za wahoji, kwenye meli ya Nansio, sebuleni kwa shangazi yangu Buzuruga. Nimeyakusanya hapa. Asiye na muda aanze na namba 6, 9 na 14.

## Maneno kwanza

1. Mtu transijenda ni nani hasa?

Ni mtu ambaye jinsia anayojitambua nayo hailingani na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Mkunga alisema mtoto ni wa kiume, kadi ya kliniki ikaandikwa hivyo, lakini mwenyewe tangu apate akili anajijua kuwa mwanamke. Huyo watafiti humwita mwanamke transijenda. Aliyeandikwa wa kike na anajijua kuwa mwanamume ni mwanamume transijenda. Wapo pia wasiojiweka upande wowote.

Magazeti yetu hupenda kusema "aliyebadili jinsia". Nalikwepa hilo, kwa sababu wengi wanaohesabiwa kwenye tafiti hawajabadili chochote mwilini. Hawajatumia homoni, hawajapasuliwa, na wengine hata mavazi hawajabadili.

Kitaaluma tunatenganisha jinsi, yaani mwili, na jinsia, yaani nafasi na utambulisho wa mtu katika jamii. Mtaani maneno haya yameshachanganyika na sitarajii yatenganishwe leo, ila kwenye ukurasa huu nayatenganisha.

2. Huyo si ndiye huntha? Au ni shoga?

Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo si ya kike moja kwa moja wala ya kiume moja kwa moja. Hilo ni suala la mwili. Majirani zetu Kenya waliwahesabu watu hao kwenye sensa ya 2019 wakapata 1,524.

Neno shoga bibi zetu walilitumia kwa rafiki wa kike wa chanda na pete. Leo limegeuzwa tusi, na linahusu mtu anavutiwa na nani. Utransijenda unahusu mtu anajijua kuwa nani. Wapo wanawake transijenda wanaopenda wanaume, wapo wanaopenda wanawake, wapo wanaopenda wote, na wapo wasiotaka mapenzi na mtu yeyote. Dodoso likibana mambo haya matatu kwenye swali moja, namba zitakazotoka hazisemi lolote. Nimeyashika mikononi madodoso ya namna hiyo.

3. Ni ugonjwa wa akili?

Shirika la Afya Duniani haliuweki huko tena. Toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 1, 2022, liliutoa utransijenda kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuuweka kwenye sura ya afya ya mahusiano ya kimwili. Umebaki kwenye orodha ili anayehitaji huduma aweze kuipata. Sonona na wasiwasi wanavyoweza kuwa navyo watu hawa ni suala jingine, na limejibiwa katika namba 7 na 8.

4. Haya si mambo ya Wazungu?

Utafiti mwingi ni wao, hilo sibishi. Namba karibu zote utakazozikuta hapa zimetoka Marekani, Kanada na Ulaya, na nitakuwa nakukumbusha.

Lakini wazo kwamba nafasi ya mtu katika jamii inaweza kutengana na mwili wake halikuja kwa ndege. Panda basi la Tarime ukawaulize Wakuria kuhusu nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari ya ng'ombe na kuoa msichana. Msichana anazaa na mwanamume aliyekubalika, na watoto wanahesabiwa wa ukoo wa yule mama. Katika shughuli za ukoo huyo mama ndiye mwenye mji.

Narudia kila mara: huo si utransijenda, wala si mapenzi ya wanawake wawili. Kila nikiutaja kuna mtu anaurukia ashindie mabishano. Unachoonyesha ni kitu kidogo tu, kwamba ukoo na ng'ombe vilipodai, watu wa ziwa hili waliweza kuitoa nafasi ya mume mwilini na kumpa mtu mwingine.

## Kujithamini na kipimo chake

5. Kujithamini ni sawa na kujiamini?

Hapana. Kujiamini ni kuona unaweza kufanya jambo. Kondakta wa daladala ya Buhongwa anajiamini kupita kiasi, na bado usiku anaweza kulala akijiona mtu bure. Kujithamini ni kuona kwamba wewe ni mtu wa thamani, hata siku ambayo hukuweza kitu.

6. Kitu cha moyoni kinapimwaje?

Kwa kuuliza. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni cha Morris Rosenberg, mwanasosholojia wa Marekani, kilichotoka mwaka 1965. Kina sentensi 10: 5 za kujisifu na 5 za kujishusha. Mhojiwa anasema kama anakubali sana, anakubali, anakataa au anakataa sana. Unajumlisha alama, umemaliza. Dakika tatu zinatosha, na ndiyo maana watafiti wanakipenda.

Kwa Kiswahili kazi inaanzia hapo. Sentensi ya nane kwa Kiingereza inazungumzia kutamani kujipa heshima zaidi. Wengi huiandika "Natamani ningejiheshimu zaidi." Siku moja nilimsomea sentensi hiyo mama mmoja uani kwake, Kirumba, anachambua dagaa. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaniangalia. "Kwani mwanangu, umesikia nini kunihusu?"

Alikuwa na haki. Kwetu "jiheshimu" anaambiwa binti aliyevaa nguo fupi au baba anayelewa mbele ya wakwe. Ni suala la mwenendo. Nilikuwa nimeingia kwa mtu na dagaa wake nikamwambia ana tabia mbaya.

Kuna na mtego wa kujivunia na kujivuna: herufi moja inapungua, sifa inageuka dhambi. Na sentensi za kujishusha zinawavuruga watu kwa sababu ili ujithamini inabidi ukatae jambo baya, yaani useme hapana kwa hapana. Si sisi peke yetu. Kipimo hiki kilipolinganishwa katika nchi 53, matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha kuwa sentensi hasi hazieleweki kwa namna moja kila mahali, na hiyo ya nane ndiyo ilikuwa miongoni mwa wasumbufu wakubwa.

Kwa hiyo mtu akikuletea namba ya kujithamini ya Mwanza na ya Chicago akazipanga sambamba, muulize kwanza sentensi ya nane aliitafsirije.

7. Ni kweli watu transijenda hawajithamini?

Tafiti nyingi zinazowalinganisha na wengine zinakuta wastani wao uko chini. Wastani lakini ni wastani; kuna watu wengi ambao hawafanani nao.

Ushahidi ninaoupa uzito zaidi ni ule wa watoto, kwa kuwa mtoto hajakaa na dharau miaka thelathini. Kundi la watafiti wa Marekani linaloongozwa na Kristina Olson limekuwa likiwafuatilia watoto ambao familia zao zinawatambua kwa jinsia wanayojijua. Matokeo ya 2017, kwa watoto wa miaka 6 hadi 14, yalionyesha kuwa kuhusu thamani yao binafsi hawakutofautiana na watoto wengine. Wasiwasi, uliopimwa kwa wa miaka 9 hadi 14, ulizidi kidogo.

Ila usikimbie na matokeo hayo. Familia hizo zilijitolea zenyewe, na zilikuwa tayari upande wa mtoto. Hakuna aliyegawa watoto kwa kura, hawa wakubaliwe, wale wakataliwe. Nani angethubutu?

8. Basi kinachowashusha ni nini?

Nadharia inayotumika zaidi ni ya Ilan Meyer, aliyoiandika kwa ukamilifu 2003 akizungumzia watu wenye mvuto wa jinsia moja. Mwaka 2012 Hendricks na Testa wakaipeleka kwa watu transijenda. Inasema watu wa kundi dogo linalodharauliwa wanabeba mzigo wa ziada juu ya taabu za kila mtu. Kuna yanayotoka nje: kutukanwa, kufukuzwa kazi, kupigwa. Kisha kuna yanayoota ndani, mtu anaanza kutarajia dharau kabla haijaja, anajificha, na mwisho anaanza kuamini anayoambiwa.

Hayo ya ndani ndiyo yanayokula kujithamini. Mtu anaweza kupita sokoni siku nzima asitukanwe na yeyote, arudi nyumbani amechoka, kwa sababu alipita kila meza akisubiri tusi.

Kuhusu ukubwa wa mzigo: uchunguzi wa Marekani wa 2015 uliojibiwa na watu 27,715 ulikuta asilimia 40 waliwahi kujaribu kujiua, wakati kwa watu wa nchi hiyo kwa jumla ni asilimia 4.6. Washiriki walijitokeza wenyewe, hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo namba hiyo usiipeleke kwa kila mtu. Hata ukiikata nusu bado inatisha. Na kama wewe unayesoma una mawazo hayo, usikae nayo peke yako usiku huu. Nenda kwa mtu mmoja unayemwamini, au hospitali yenye kitengo cha afya ya akili.

9. Jina tu linaweza kuleta tofauti?

Inaonekana hivyo, na mimi mwenyewe sikutarajia. Utafiti uliochapishwa 2018 uliwauliza vijana transijenda 129 wa miji mitatu ya Marekani kama jina walilojichagulia linatumika katika sehemu nne: nyumbani, shuleni, kazini na kwa marafiki. Kila sehemu moja iliyoongezeka iliambatana na sonona kupungua, na mawazo ya kujiua yalishuka kwa asilimia 29. Kuambatana si kusababisha. Nyumba inayokubali jina huenda inakubali na mengine mengi.

Kiswahili kimetuepusha na vita moja inayowatoa wenzetu jasho. "Yeye" ni yeye, na "anakuja" haisemi ni nani. Unaweza kumsimulia mtu kutwa nzima bila kutaja jinsia yake. Kisukuma nacho kina "ng'wana", mtoto wa fulani, lisilobagua.

Kisha unafika kwenye salamu. Mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, haiendi mbali bila "mayu" (mama) au "bhabha" (baba) nyuma yake. Muuza duka anasema "karibu dada", konda anasema "kaka sogea mbele", mtoto wa jirani anaambiwa amwamkie shangazi, au mjomba, na hapo anageuka kumwangalia mama yake amsaidie. Akizaa mtu, basi ni mama Neema au baba Neema hadi kaburini. Ningekuwa na fedha za utafiti ningeacha majina kwanza nikahesabu haya: mtu anaitwa nini, na nani, mara ngapi kwa siku.

## Kanuni za kijinsia

10. Kanuni za kijinsia ni kitu gani? Nipe mfano, si nadharia.

Nenda mwaloni Kirumba alfajiri. Wanaume wanashuka kwenye mitumbwi, wanabeba. Wanawake wananunua, wanaanika, wanachambua, wanauza. Hakuna tangazo ukutani. Wapo wavuvi wanaoamini hadi leo kwamba mwanamke akikanyaga mtumbwi samaki wanakimbia. Nilimhoji mama mwenye mitumbwi mitatu, ameajiri watu, na hajawahi kupanda hata mmoja. Nilipomuuliza kwa nini alicheka: "Nipande niitweje?"

Hapo ndipo kanuni ilipo, kwenye "niitweje". Haimzuii mkono, inamshika kwa jina atakaloitwa. Mwanamume anayepika chakula cha mchana kwa ajili ya watoto wake anajua ninachosema. Akipika kwa kuuza anaitwa baba lishe na anaheshimiwa, kwa sababu kuna hela.

Kwa mtu transijenda kanuni hizo hizo zinauma mara mbili. Zinamuuma kwa kuivunja jinsia aliyoandikiwa, na zinamuuma tena anapopimwa kama anaifikia ile anayojitambua nayo.

11. Lakini si hao hao wanaozishikilia? Mbona mwanamke transijenda anajipamba kuliko dada zangu?

Swali hili huulizwa na wanawake wasomi zaidi ya wengine, na lina ukweli ndani yake. Baadhi hufuata kanuni za uke au uume kwa ukali. Sababu moja ni usalama: anayeonekana wazi kuwa ni mwanamke hasumbuliwi njiani kama anayetiliwa shaka. Nyingine ni kwamba dada yako akitoka na kanga na ndala hakuna anayemuuliza kama ni mwanamke. Hana cha kuthibitisha. Wapo pia, wala si wachache, wasiojali poda wala visigino, ila hao huwaoni kwa hiyo huwahesabu.

## Mahusiano

12. Kuna mtu anayekubali kuwa na uhusiano nao?

Mwaka 2019 watafiti wawili wa Kanada, Blair na Hoskin, walichapisha matokeo ya watu 958 waliowapa orodha ya aina za wapenzi na kuwaambia waweke alama kwa yeyote ambaye wangemfikiria. Asilimia 87.5 hawakuweka alama kwa mtu transijenda hata mmoja.

Namba hiyo inanukuliwa sana, mara nyingi bila kusema kwamba ni alama kwenye karatasi. Sisi wahoji tunajua watu wanavyotuambia hawatawahi kuoa kabila fulani, kisha unakutana nao kwenye kitchen party ya kabila hilo hilo. Hata hivyo mlango ni mwembamba, na mtu anayeujua wembamba wake anaingia kwenye uhusiano akiwa ameshapunguza bei. Endelea na namba 14.

13. Ndoa au uchumba ulioanza kabla mtu hajajitambulisha huwa unavunjika?

Si lazima. Katika utafiti wa 2013 wa wanaume transijenda 593, karibu nusu ya mahusiano yaliyokuwepo yalidumu baada ya mabadiliko. Na waliokuwa na mwenzi walikuwa na sonona kidogo kuliko wasio naye. Nusu kubaki ni kitu ambacho wengi ninaowaambia hawaamini.

14. Kwa nini wengine wanavumilia mwenzi anayewapiga au kuwadhalilisha?

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo mahusiano, kanuni na kujithamini vinapokutana.

Kwanza ukubwa wa jambo. Uchambuzi wa 2020 uliojumlisha machapisho 85 na washiriki 49,966 ulikuta kwamba watu transijenda wana uwezekano wa kupigwa na mwenzi mara 2.2 ya watu wengine. Na zipo silaha ambazo mwenzi wa kawaida hana: kutishia kumtangaza kwa familia au kwa mwajiri, kumfichia dawa au nguo, kumwita kwa jina la zamani mbele ya watu makusudi.

Sasa sababu. Jae Sevelius, mtafiti wa Marekani, mwaka 2013 alieleza hivi baada ya kuwahoji wanawake transijenda wasio Wazungu. Kila mtu ana hitaji la kutambuliwa. Hitaji likiwa kubwa na sehemu za kulipata zikiwa chache, mtu analipokea popote linapopatikana, hata penye hatari. Kama nyumbani wanakuita kaka, kazini wanakuita kaka, na kuna mwanamume mmoja tu anayekuita mke wangu, utamwachaje? Baadhi waliona hata ukali wake ni uthibitisho, kwa sababu ndivyo wanaume walivyo kwa wake zao, au ndivyo walivyofundishwa kuamini.

Nilipoisoma sehemu hiyo nilifunga kompyuta nikatoka nje. Nilikuwa nimeshayasikia hayo, si kwa watu transijenda. Nimeyasikia Mabatini na Nyakato kwa wanawake ambao hakuna aliyewahi kutilia shaka uanawake wao: kwamba asiye na wivu hapendi, kwamba kelele za mume ni heshima ya nyumba. Utafiti wa MAISHA uliofanyika hapa Mwanza kwa wanawake wa vikundi vya mikopo ulikuta karibu asilimia 61 ya waliowahi kuwa na mwenzi walishapigwa au kulazimishwa kimwili na mwenzi. Kisha vikundi vingine vikapewa mafunzo ya vipindi 10 kuhusu jinsia na mahusiano. Kwa mujibu wa matokeo ya 2018, kipigo kilipungua kwa waliofundishwa, na wachache zaidi walikubali kwamba mume ana haki ya kupiga. Kwa kulazimishwa kimwili hakukuonekana tofauti ya wazi.

Naona kanuni ndiyo ile ile, na tofauti iko kwenye mlango wa kutokea. Mama wa Mabatini anaweza kurudi kwao, hata kama atasemwa. Mtu aliyefukuzwa kwao anarudi wapi?

15. Na mwenzi wake naye anaguswa?

Ndiyo. Utafiti wa 2014 uliwachunguza wanawake transijenda pamoja na wanaume zao, jozi 191. Ufukara, ubaguzi na uhusiano kudharauliwa viliambatana na sonona kwa wote wawili. Ninachokipenda hapo ni kwamba fedha imetajwa. Tunapozungumzia mapenzi ya watu hawa tunasahau kwamba nao wanadaiwa kodi ya chumba.

16. Familia je? Wote hukataliwa?

Wamarekani wa namba 8 waliojitambulisha kwa familia walizokulia, asilimia 60 walisema familia kwa jumla inawaunga mkono. Huko ni huko. Kwetu ndugu ni wengi kuliko baba na mama, na ninavyoona mimi swali la "familia yako inakukubali?" halijibiki. Bibi anaweza kukubali, baba akakataa, baba mdogo akajifanya haoni, na shangazi akatuma nauli kimya kimya.

## Maswali magumu

17. Sheria yetu inasemaje?

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haiwataji watu transijenda kwa jina. Kifungu cha 154 kinaadhibu tendo la kimwili "kinyume na maumbile" kwa kifungo kisichopungua miaka 30, hadi cha maisha, na kwa kuwa mwanamke transijenda husomwa kwenye karatasi kama mwanamume, kifungu hicho kinamfikia pia kwenye mahusiano yake. Kenya, Oktoba 2014, Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua cheti kipya chenye jina lake la sasa na kisichotaja jinsia. Uamuzi huo ulihusu cheti, haukugusa makosa ya jinai.

18. Afrika kuna utafiti wowote?

Upo, na mwingi umeingia kwa mlango wa Ukimwi. Mkubwa ni ule uliochapishwa 2017 kutoka nchi 8, zikiwemo Malawi, Lesotho na Senegal, Tanzania haimo. Kati ya washiriki 4,586 waliozaliwa wa kiume, 937 walijitambulisha kama wanawake au watu transijenda. Asilimia 25 ya hao walikuwa na virusi, dhidi ya 14 kwa wengine.

Ni kazi muhimu na imeokoa watu. Lakini tafiti za namna hii zina tabia ya kuuliza umekuwa na wapenzi wangapi, kondomu ulitumia lini. Hakuna anayeuliza ukiumwa nani anakuletea uji.

19. Watu waliojificha mnawapataje?

Njia mojawapo ilibuniwa na Douglas Heckathorn mwaka 1997. Unaanza na wachache wanaokuamini, kila mmoja unampa kuponi chache awape wenzake, nao hivyo hivyo, kisha hesabu inarekebishwa kwa kuangalia kila mtu anafahamiana na wangapi. Asiye na marafiki haonekani kabisa, na huenda ndiye mwenye kujithamini kwa chini kuliko wote. Hapa kwetu kuna na hatari ya orodha kuvuja, kwa hiyo bila kibali cha maadili na bila njia salama ya kutunza taarifa usijaribu hata kwa insha ya darasani.

20. Ushahidi wa tiba za kubadili mwili uko imara?

Kwa baadhi ya mambo ndiyo, kwa mengine bado. Aprili 2024 ripoti ya Dk. Hilary Cass huko Uingereza ilisema ushahidi wa dawa za kuzuia balehe na homoni kwa walio chini ya umri wa utu uzima ni dhaifu. Kwa watu wazima, kliniki ya Amsterdam iliyopitia kumbukumbu za watu 6,793 ilikuta waliojutia upasuaji wa kuondoa korodani au ovari hawafiki asilimia 1, ingawa anayejuta anaweza asirudi kliniki kusema.

Kuna pia kisa cha Sweden. Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa kwamba upasuaji unapunguza haja ya matibabu ya akili. Wasomaji wakahoji hesabu, zikarudiwa, na 2020 likatoka sahihisho: faida hiyo haikuonekana. Ukikuta mtu anainukuu ya 2019 bila ya 2020, ujue hakusoma hadi mwisho.

21. Dodoso la tasnifu yangu lina kisanduku cha Me na Ke tu. Nibadilishe?

Kama utafiti wako ni wa bei ya sangara, kiache. Kama unahusu ndoa, afya au kujithamini, wenzetu hutumia maswali mawili: uliandikwa nani ulipozaliwa, na sasa unajitambuaje. Pima kwanza usalama wa anayejibu. Swali la pili likiulizwa huku mlango uko wazi na jirani anasikia, afadhali lisiulizwe.

Na kisanduku chochote utakachokiweka, uliza. Nilikuwa na tabia ya kujaza hicho kwa macho, ili niokoe muda. Siku moja, nyumba ya mwisho, jua linazama, nikafika mwisho wa fomu nikakumbuka utaratibu, nikasema samahani, naomba nikuulize na jinsi yako. Mhojiwa aliinama akaangalia karatasi kwenye ubao wangu, pale juu kabisa, ambapo nilishatia tiki nikiwa bado nimesimama mlangoni. "Si umeshaandika?" Akaniuliza kama nimemaliza, kwa sababu alikuwa na ugali jikoni.

Fomu ile ilikwenda na tiki yake. Siku hizi nauliza hata kwa mwenye ndevu hadi kifuani. Wengi hucheka, mmoja alinikasirikia, na inachukua sekunde nne.